Itikadi Potofu Juu ya Noti za Zamani

(Hotuba iliyotolewa mbele ya Waislamu wa Lisekese, Masasi)

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume Wake Mtukufu (s.a.w.), msemaji alisema:



Mtakumbuka kwamba Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza noti za zamani zibadilishwe kuanzia tarehe 6 Januari 2025 hadi tarehe 5 Aprili 2025. Zilikuwa noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, tangu ile ya shilingi 20 hadi ile ya shilingi 10,000, pamoja na noti ya shilingi 500 ya toleo la mwaka 2010. Miezi mitatu ilipokwisha, noti hizo zikaacha kuwa fedha halali. Tangazo lilisomwa redioni na likarudiwa, hata hivyo wako waliobaki nazo majumbani. Wengine walichelewa kwa umbali wa benki, wengine kwa kutopata habari, na hao tunawapa pole. Lakini wako pia waliozibakiza kwa kusudi, kwa sababu wameambiwa na watu kwamba noti ya zamani ina kitu ndani yake.

Kitu hicho ndicho nilichoombwa nikizungumze leo. Ndugu mmoja anaamini kwamba noti moja ya kale, ikiwekwa chini kabisa ya droo na isitumiwe kamwe, huwa chambo cha kuziita nyingine. Mwingine haitoi noti ya kwanza ya asubuhi mpaka aipitishe kwenye paji la uso, na akiingia mteja wa kwanza akataka kukopa, siku nzima huiona ina nuksi. Kiganja kikimwasha huyu, anasema hela inakuja. Kikimwasha kile cha pili, inaondoka. Usiku sindano haiuzwi dukani. Na juu ya yote hayo iko hofu kubwa ya noti iitwayo chuma ulete, ambayo nitaifikia, kwa maana hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama hapa.

Noti ni kitu gani?

Kwanza tuulizane: karatasi hii tunayoiogopa ni nini hasa? Sisi Waswahili tukiitaja fedha tunatumia majina manne bila kufikiri. Tunasema fedha, neno la Kiarabu lenye maana ya yale madini meupe. Tunasema pesa, neno lililotujia kutoka Bara Hindi. Tunasema shilingi, nalo ni la Kiingereza. Na hapa petu mara nyingi zaidi tunasema hela, nalo ni la Mjerumani, kwani tangu mwaka 1904 heller ilikuwa sarafu ndogo ya koloni lake, mia moja kwa rupia moja. Heller haipo tena, rupia haipo, na shilingi ya mkoloni imekwisha pia. Yamebaki majina vinywani mwetu.

Katika Surat Al-Kahf Mwenyezi Mungu ametusimulia habari za vijana waliolala pangoni miaka mingi. Walipoamka wakasikia njaa, wakamtuma mmoja wao mjini na fedha waliyokuwa nayo, akawatafutie chakula kilicho safi. Wafasiri wanaeleza kwamba fedha ile ndiyo iliyowafichua, maana ilikuwa ya mfalme wa zama zilizopita, na muuzaji alipoiona akastaajabu. Kama kuna fedha ya kale ambayo ingestahili kudhaniwa kuwa na baraka za ajabu, basi ni ile ya watu wa pangoni. Lakini katika kisa hicho kazi yake ni ndogo tu: kununua chakula. Haikuvuta mali wala haikuondoa balaa.

Kuhusu fedha ya karatasi, watu waliotutangulia kuitumia ni Wachina. Msafiri wetu Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa, miaka kadhaa baadaye aliandika habari za nchi ya China, akaeleza kwamba watu wa huko wanauza na kununua kwa vipande vya karatasi ukubwa wa kiganja vyenye muhuri wa mfalme wao. Kipande kikichakaa, mwenye nacho anakipeleka kwenye nyumba maalumu akapewa kipya bila kutozwa chochote. Angalieni, ndugu zangu. Karne saba zilizopita Mwislamu alieleza jambo la kubadilisha noti chakavu kwa utulivu kabisa, na hakulihusisha na jini yeyote.

Kabla ya safari hiyo kulitokea jambo huko Tabriz, katika nchi ya Waajemi, ambalo naona linatufaa zaidi. Mwaka 1294 mtawala wa Kimongolia aliyeitwa Gaykhatu alikuwa amemaliza hazina yake, akaamua kuwaiga Wachina. Akachapisha noti na kuwalazimisha watu wazipokee. Ili Waislamu wasizikatae, juu ya noti hizo iliandikwa kalima ya shahada. Kalima yenyewe, ndugu zangu! Watu wakafunga maduka, soko likakauka, na baada ya muda wa miezi miwili hivi ilimbidi mtawala azifute. Watu wa Tabriz waliiheshimu kalima, lakini hawakumwamini mtawala aliyetoa noti, na noti inaishi kwa kuaminiwa tu. Nawaomba mlikumbuke jambo hili, kwa sababu kuna wenye maduka humu mjini ambao wameweka vipande vya karatasi vyenye aya za Kurani Tukufu katikati ya noti zao ili zilinde droo. Kitabu kilichoteremshwa kuongoza watu kimefanywa kuwa kufuli.

Mfano wa kinyume chake uko jirani. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Benki Kuu yao ikafa pamoja nayo. Kwa mantiki ya kawaida noti za nchi isiyo na serikali zingekuwa takataka asubuhi iliyofuata. Lakini Wasomali waliendelea kununuliana ngamia na mchele kwa shilingi zile zile, zilizochanika na kushikizwa kwa gundi, kwa sababu kila mmoja aliamini kwamba mwenzake atazipokea. Hakuna dawa iliyopakwa noti za Somalia. Walikuwa na mapatano.

Mali ya Mjerumani

Wapo watakaosema: Sheikh, hayo ni ya mbali. Basi nirudi kwenye ardhi hii tuliyokalia.

Mnamo mwaka 1905 benki ya Wajerumani katika koloni lao ilianza kutoa noti nzuri zilizochapwa Ujerumani. Ile ya rupia 5 ilikuwa na picha ya simba, na zile za rupia 50 na 100 zilikuwa na sura ya Kaisari mwenyewe. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Waingereza wakafunga njia ya bahari, na noti zikakosa pa kupita. Kuanzia mwaka 1915 Wajerumani wakachapa noti za muda hapa hapa nchini, juu ya karatasi za kila aina zilizopatikana, na kuzitia sahihi kwa mkono. Pale Tabora mwaka 1916 walifua hata sarafu za dhahabu za rupia 15. Mwaka 1917, jeshi la von Lettow-Vorbeck likisukumwa kuja kusini, noti za mwisho zilipigwa porini kwa mihuri ya mpira. Jeshi hilo ndilo lililopita Chiwata, likapita Kitangari na Newala, na tarehe 25 Novemba 1917 likavuka mto Ruvuma kuingia nchi ya Wareno.

Utawala ulipogeuka, noti zile zikakosa mtu wa kuzilipa hapa nchini. Fikirieni hali ya mwenyeji wa uwanda wa Wamakonde ambaye jeshi lilimlipa kwa karatasi hizo. Sura ya Kaisari haikumsaidia, wala muhuri haukumsaidia. Alibaki na karatasi, na mtama wake ulikuwa umekwisha kuliwa.

Ajabu ni kwamba karatasi na sarafu zile zilizowatupa mkono babu zetu ndizo leo zinazosifiwa kuwa na nguvu. Uvumi unasema Mjerumani alipokimbia alizika mali chini ya majabali na miembe, akaacha alama kwenye mawe, na akaweka jini la kulinda. Jeshi lililokuwa likipiga fedha yake kwa mihuri ya mpira, likikosa dawa na likikosa nguo, lingekuwa na masanduku mangapi ya kuzika? Lakini watu wamechimba, na hata leo bado wanachimba. Kisha huja mtu mwenye viatu vizuri kutoka mjini, akasema anatafuta rupia ya Mjerumani au noti ya kale yenye namba fulani, eti rupia hiyo huvuta punje za mchele kama sumaku, na tajiri wa Uarabuni yuko tayari kutoa mamilioni. Ukimwambia unayo, mzigo unaanza kukuelemea wewe: ada ya kupimia, nauli ya mpimaji, kuku mweusi wa mganga, kisha fedha ya kumtoa jini. Mnunuzi wa kweli hulipa muuzaji. Huyu analipwa na muuzaji, na bado watu hawashtuki!

Sisemi kwamba noti ya kale haina bei kabisa. Wapo watu duniani wanaokusanya noti na sarafu za kale, na shughuli yao ni ya halali. Wao hutazama uchache wa noti, mwaka wake, na uzima wa karatasi yake. Noti iliyokunjwa mara nane, ikapakwa mafuta ya mganga na kufungwa kwa uzi mwekundu, machoni pao imeharibika. Kwa hiyo hata kwa hesabu ya dunia tu, mganga ameishusha bei.

Chuma ulete

Sasa nifike pale palipo na madhara makubwa.

Inasemekana mtu huja dukani na noti, mara nyingi iliyochakaa. Hununua kitu kidogo, kiberiti au mche wa sabuni, akarudishiwa chenji. Noti ile ikishaingia droo, eti usiku huwakusanya wenzake na kurudi nao kwa mwenyewe. Huchuma, ikaleta, ndiyo maana ya jina lake. Ili kujikinga, mwenye duka huchomeka pini kwenye droo, huweka ndimu, kipande cha mkaa, chumvi ya mawe. Baadhi yenu mnatabasamu kwa sababu mnazijua droo hizo, na pengine mnazo.

Sitaki leo tuingie katika mjadala mrefu wa uchawi upo au haupo. Inatosha kwamba katika Surat Al-Baqarah, pale panapotajwa Haruta na Maruta, Mwenyezi Mungu amebainisha kwamba wale waliojifunza mambo hayo hawakuweza kumdhuru yeyote isipokuwa kwa idhini Yake. Na Mtume Mtukufu (s.a.w.) alizikataa ndege mbaya na bahati mbaya, akatuonya vikali kuhusu kwenda kwa wapiga ramli. Sayyidna Umar (r.a.) alipolibusu Jiwe Jeusi la Al-Kaaba alitamka wazi kwamba analijua kuwa ni jiwe lisilodhuru wala kunufaisha, na kwamba analibusu kwa kuwa alimwona Mtume akifanya hivyo. Ikiwa hiyo ndiyo itikadi ya Umar mbele ya jiwe lililo kwenye nyumba ya Mwenyezi Mungu, je, sisi tunaiogopaje noti?

Lakini ndugu yangu mwenye duka ataniambia: Sheikh, fedha zangu zinapungua kweli. Siigizi. Namwamini. Fedha zinapungua kweli. Njoo tuhesabu.

Tuchukue duka dogo lenye mtaji wa shilingi 600,000, na tuseme faida yake kwa siku ni shilingi 8,000. Mwenye duka anachukua kwenye droo shilingi 4,000 za mboga na unga. Vocha ya simu ni 1,000. Mtoto anataka daftari na kalamu, 1,500. Kuna msiba mtaa wa pili, mchango 2,000. Mgeni amekuja, soda mbili ni 1,000 kwa bei ya kununulia. Jumla ni shilingi 9,500. Siku hiyo duka limepungukiwa shilingi 1,500, na wala hakuna aliyeiba. Kwa mwezi ni shilingi 45,000. Kwa miezi kumi ni shilingi 450,000, na mtaji wa 600,000 umebaki robo. Mwenye duka anazitazama rafu zilizo wazi na kusema kwa yakini kabisa: nimechumiwa. Ni kweli amechumiwa, ila mchumaji analala kitanda kimoja naye, na mwingine anavaa viatu vyake.

Na hapo sijataja madeni ya kwenye daftari, wala noti bandia, wala kijana wa dukani asiyelipwa mshahara unaoeleweka. Sijataja pia bei za jumla. Umenunua katoni ya sabuni kwa shilingi 30,000, umeiuza yote kwa 33,000, umefurahi. Unarudi kwa mwuza jumla unaikuta 34,000. Faida uliyoila jana haikuwa faida.

Chuma ulete wa namna hii amepita nchi nzima na wala hakutumia noti ya mtu yeyote. Benki Kuu ilipofunguliwa mwezi Juni 1966 na kutoa noti zake za kwanza zenye picha ya Mwalimu Nyerere, noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya shilingi 100. Leo shilingi 100 ni sarafu, na mtoto ukimpa hukutazama usoni akisubiri nyingine. Mzee aliyeifungia noti ile sandukuni mwaka 1966 akaifungua baada ya miaka thelathini alikuta karatasi iko salama, picha iko, namba ipo, lakini ng'ombe, ambaye mwanzo angeingia ndani ya noti chache kama ile, alikuwa ametoka. Bei zilipanda, na thamani ikayeyuka karatasi ikiwa imelala. Ndiyo maana ninyi mnaoweka noti moja iwe chambo, nasikitika kuwaambia kwamba chambo chenyewe ndicho kinacholiwa.

Nani anayetuhumiwa?

Msimu wa korosho tunaujua. Kuanzia mwezi wa Oktoba minada hufanyika, na tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza katika mkoa wetu wa Mtwara mwaka 2007, mkulima anangoja malipo, kisha yanafika kwa mkupuo. Ndani ya wiki chache analipa deni la salfa, deni la duka, ada ya shule, bati, ngoma ya mtoto, pikipiki. Ifikapo Februari mfuko ni mtupu. Na mwezi huo huo ndio mnong'ono wa chuma ulete unapopamba moto. Kwa nini hatuusikii mwezi wa Novemba?

Mnong'ono huo unahitaji mtu wa kuubeba. Na huyo mtu, ndugu zangu, kamwe hawi tajiri mwenye ghala. Mara nyingi ni bibi kizee, mjane, anayeishi peke yake, macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini. Amekuja dukani na noti iliyochakaa. Kwa nini imechakaa? Kwa sababu ndiyo noti pekee aliyokuwa nayo, ameifunga kwenye pindo la khanga mwezi mzima, imelowa jasho, imelowa mvua, ameikunjua na kuikunja kila siku akifikiri ainunulie chumvi au mafuta ya taa. Noti ya maskini haiwezi kuwa mpya. Tukishasema kwamba noti chakavu ni alama ya uchawi, tumeufanya umaskini wenyewe kuwa ushahidi, na hakuna maskini atakayeweza kujitetea.

Hapo mwenye duka anaikataa noti yake mbele ya watu. Hasemi sababu. Watu wote wanaelewa. Bibi anarudi nyumbani bila chumvi, na kuanzia jioni ile watoto wanakimbia wakimwona. Surat Al-Hujurat imetukataza kudhaniana vibaya, kupelelezana na kusengenyana, na imeufananisha usengenyaji na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Hili la kumzulia mtu uchawi ni zaidi ya usengenyaji. Ni buhtani, na atakayeulizwa juu yake ni yule aliyeanzisha, na yule aliyeeneza, na yule aliyekuwa akijua kwamba ni uongo akanyamaza ili asigombane na mwenye duka anayemkopesha.

Msidhani haya yanaishia kwenye kuaibishana. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, miaka nenda miaka rudi. Na kuanzia miaka ya 2006 na 2007 nchi yetu ilipata aibu mbele ya ulimwengu, pale ndugu zetu wenye ualbino walipoanza kuwindwa na kukatwa viungo, kwa sababu waganga waliwaambia wateja wao kwamba viungo hivyo vinavuta utajiri. Mwezi Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Mtu anayeweka noti na ndimu kwenye droo atashangaa: mimi nina uhusiano gani na wauaji wale? Wote wawili wamesadiki jambo moja, kwamba mali huvutwa na vitu, na kwamba pungufu yangu imechukuliwa na mtu fulani. Aliyeishia kwenye ndimu ameishia hapo kwa sababu mganga wake hakumwomba zaidi.

Hata sheria ya nchi inalitazama jambo hili. Sheria ya Uchawi ilitungwa tangu mwaka 1928, na mojawapo ya makosa yaliyomo ni kumtaja mtu kuwa mchawi. Anayesimama gengeni akasema fulani ni chuma ulete amevunja sheria ya Mungu na ya Serikali kwa sentensi moja.

Yaliyo mikononi mwenu

Nimeulizwa maswali kadhaa kabla ya kuanza, niyajibu kwa ufupi.

Aliye na noti zilizokwisha muda anauliza azifanyeje. Benki haizipokei tena. Mpe mtoto aone picha ya mzee Ali Hassan Mwinyi na ajifunze historia, au uza kwa anayekusanya, kwa bei inayojulikana na bila hadithi. Usimpe asiyejua ukamwambia bado zinatumika. Huo ni wizi. Na usizitie kwenye sanduku la sadaka. Fedha iliyokufa mikononi mwako haifufuki kwa kupewa Mungu.

Noti halali iliyochanika, iliyoungua au kuliwa na mchwa ni habari nyingine. Hiyo usiitupe wala usimpelekee mganga. Kusanya vipande vyote, hata vidogo, upeleke benki. Ikiwa imeharibika sana itapelekwa Benki Kuu, ambayo ina tawi lake Mtwara mjini, huko ikakaguliwa. Akina mama mnaofukia fedha kwenye chungu, mchwa wa Masasi mnawajua kuliko mimi.

Aliyeniuliza kuhusu zaka: noti zote halali ulizo nazo, za droo, za benki na za kwenye simu, zinahesabiwa pamoja. Zikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu na mwaka ukapita, zinatolewa fungu moja katika arobaini. Ile uliyoiweka chambo nayo imo.

Mwisho, nina ombi kwa wenye maduka, na nimekwisha kulizungumza na wazee wa msikiti. Jumamosi na Jumapili baada ya swala ya Isha watakaa hapa barazani vijana wetu wawili waliosoma hesabu za biashara. Yeyote anayehisi kuchumiwa aje na daftari lake la madeni, na kama hana, aje na kumbukumbu zake, wamchoree safu mbili: ya duka na ya nyumbani. Hatatozwa kitu na siri yake itafichwa. Aje kwanza hapa kabla hajalitaja jina la mtu. Na katika siku hizo, akija bibi yeyote dukani na noti iliyochakaa, mpokeeni noti yake kwa mikono miwili, mpeni chumvi yake, na mumwulize hali.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.